Katekista Aliyeuliza Nyama ni ya Nini

Katekista tuliye naye sasa anaeleza kila kitu mpaka watu wanasinzia. Yule wa zamani hakueleza. Kwenye kigango chetu cha Aroi, karibu na mji wa Arua, padre alikuja mara chache, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada ilikuwa mikononi mwa katekista, na yeye alikuwa na tabia moja ambayo kila mtu wa rika langu anaikumbuka. Alisoma andiko moja, kisha akasoma jingine linalolipinga, halafu akakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, na sisi tukabaki tunatazamana.

Siku moja alisoma pale Yesu anapowaambia watu wakitaka kusali waingie chumbani na kufunga mlango. Bila kupumua akafungua barua kwa Waebrania, pale waamini wanapoonywa wasiache kukusanyika. Mzee mmoja wa mbele, mtu wa hasira za karibu, akasimama na kofia yake mkononi.

"Mwalimu, sasa sisi tubaki hapa ao turudi nyumbani?"

"Hii mbili haigombani," katekista akamjibu. "Wewe ndiyo iko na haraka."

Jibu hilo nimelisikia tangu nilipokuwa mtoto wa mafundisho ya komunyo mpaka nikawa na watoto wangu kwenye mafundisho hayohayo, na sikulipenda hata siku moja. Mimi ni mwuza vitenge. Mteja akiniuliza bei namtajia bei, simsomei bei mbili nikakaa. Lakini nikiwa sokoni, kabla wateja hawajafika, nilikuwa najikuta nayafikiria yale maandiko yake, na hilo lilinikera zaidi.

Aliyakusanya kama wengine wanavyokusanya visa vya majirani. Kuna pale inaposemwa si kila amwitaye Yesu Bwana ataingia mbinguni, na kuna pale inaposemwa hakuna awezaye kumwita Bwana bila Roho. Alitusomea yote mawili siku kwaya ilipoimba vibaya. Kwenye harusi ya binamu yangu alisoma kwamba mwamini asifungwe nira pamoja na asiyeamini, halafu akasoma kwamba mume asiyeamini hutakaswa na mke wake. Bwana harusi alikuwa Mkristo wa kuzaliwa. Shangazi wa bibi harusi alinuna mpaka jioni akitaka kujua nani amesemwa. Hakuna aliyesemwa. Katekista alikuwa ameyapenda tu maandiko hayo wiki hiyo.

Aliyempenda kuliko wote katika Injili hakuwa Petro wala Yohane. Alikuwa yule baba mwenye mtoto mgonjwa, aliyemwambia Yesu kwamba anaamini na papo hapo akamwomba amsaidie kutokuamini kwake. "Huyu hakudanganya," alikuwa anasema. "Amesema zote mbili na mdomo moja." Mapadre waliotoka Ediofe, kwenye kanisa kuu la jimbo, kuja kwetu walimcheka kwa upole, na mmoja alimshauri mambo ya namna hiyo awaachie waliosomea. Alikubali kwa heshima, na Jumapili iliyofuata akaendelea.

Msije mkadhani alikuwa mtakatifu. Alicheza ludo na vijana wa boda kwenye stendi, akishindwa anasema dadu imechezewa. Akija kwako kunywa chai, ficha bakuli la sukari. Aliimba kama anaita mbuzi. Watoto waliochelewa mafundisho aliwafukuza, halafu akazunguka nyumba kwa nyumba kulalamika kwamba watoto hawaji. Sala zake zilikuwa fupi ajabu, hata za msibani, na ukimwuliza anasema Mungu hana uziwi. Viatu vyake viling'aa kila siku, hata msimu wa mvua ambapo njia yote ya Aroi ni matope. Na alipenda nyama. Hapo ndipo ninapotaka kufika.

Kwetu, ukiwa na sherehe, unamwita Mwislamu achinje. Hata kama ni Pasaka, hata kama ni ubatizo. Hakuna familia hapa Arua isiyo na mkwe Mwislamu, jirani Mwislamu, au mwalimu wa mtoto aliye Mwislamu, na utawakalishaje watu kwenye sherehe yako huku unajua hawatakula? Kwa hiyo mzee mmoja wa senta, pale penye maduka, alikuwa anakuja na kisu chake, anachinja, anapewa sehemu yake, anaondoka. Sote tulikula bila kufikiri.

Mwaka mmoja, kwenye sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa kigango, pikipiki iliyombeba mzee huyo ilipata pancha. Vijana wetu wakachoka kusubiri, wakachinja ng'ombe wenyewe. Katekista alipofika na kuona ngozi imeshachunwa, alikasirika nikadhani atampiga mtu. Alisimama mbele ya wageni akasema wazi, "Ndugu zetu Waislamu, ng'ombe hii hapana yenu. Tumekosa. Samahani." Kisha akatuma watu kwake wakamate kuku wake waliokuwa wanataga, mzee wa senta akafika, akawachinja, wageni wakala. Mke wake, ambaye wakati huo alikuwa bado hai, hakumsemesha siku kadhaa. Na huyu ndiye mtu aliyemaliza sukari yangu.

Juu ya nyama pia alikuwa na maandiko yake mawili, yote kwenye barua moja ya Paulo kwa Wakorintho, karibu ukurasa mmoja. Paulo anasema kila kinachouzwa sokoni kula, usiulize kimetoka wapi. Mtu asiyeamini akikualika, kula unachowekewa, usiulize. Lakini hapohapo anasema huwezi kuketi kwenye meza ya Bwana na meza nyingine. Na tena, mtu akikuambia nyama hii imetolewa kwa ibada, usiile. Katekista alifundisha sehemu ya kwanza kwa furaha kuliko ya pili. "Kula, usiulize," alikuwa anatuambia watoto, na shingo ya mbuzi mkononi, kwa sababu shingo alikuwa hamwachii mtu.

Binti yake Ayikoru alikuwa rafiki yangu, tulikaa benchi moja kwenye mafundisho hayo. Alipokua akapata kazi ya duka mjini Koboko, na huko akaolewa na Mnubi anayeuza vipuri vya pikipiki. Akasilimu, wakampa jina la Zainabu. Tulisubiri kuona katekista atafanya nini. Hakufanya kitu. Alisema sawa, akaendelea kumwita Ayikoru, na mkwe alipokuja Aroi kumsalimia, katekista alikwenda mwenyewe mpaka senta kumwita yule mzee achinje kuku. Mtu ambaye kwa kawaida hata maji ya kunywa alitaka aletewe. Mkwe alikula, wakacheza ludo, wakabishana juu ya dadu. Tukasema mambo yameisha vizuri.

Hayakuisha. Ayikoru alipojifungua mtoto wa kwanza, walifanya akika. Mimi nilikuwa napeleka vitenge Koboko kila wiki, kwa hiyo nilimchukua katekista twende wote. Nyumba ilijaa. Walileta sinia zimefunikwa kwa zile kawa za Kinubi za rangi rangi, wakafunua, tukanawa. Katekista alikuwa tayari na kipande mkononi. Halafu, kama mtu anayeuliza jina la kijiji anachopita, akamwuliza binti yake:

"Nyama hii iko ya nini?"

Ayikoru hakujua kudanganya, hasa mbele ya baba yake. "Ni ya akika, baba. Wamechinja juu ya mtoto, kushukuru Mungu."

Alikirudisha kipande kwenye sinia. "Basi ni ibada," akasema. "Siwezi kula." Akaomba chai na gurusa, ile mikate myembamba ya Wanubi, akala hiyo peke yake mbele ya watu wote. Hakusema neno baya. Alimbeba mtoto, akamchekea, akamwombea kwa sala yake fupi. Lakini wanawake wa ukoo wa mkwe walikuwa wameona, na Ayikoru alinikuta nyuma ya jiko uso umevimba.

"Yeye ndiyo alitufundisha mutu asiulize," akaniambia. "Kwa nini ameuliza?"

Tulipokuwa tunarudi Arua nilimwuliza katekista mwenyewe.

"Ameniambia ukweli," akasema. "Ningefanya nini?"

"Ungenyamaza tangu mwanzo, Mwalimu."

Niliamini wakati ule, na bado naamini kwa sehemu, kwamba mtoto wake kuacha kanisa kulimwuma, na kwa kuwa hakujua kusema ameumia, alitafuta andiko akakaa nyuma yake.

Baada ya siku hiyo hakula tena nyama nyumbani kwa Ayikoru. Si ya akika tu, hata ile ya kununuliwa sokoni. Alikwenda, alikunywa chai, aliwapakata wajukuu walipoongezeka, akawafundisha ludo na kuwaibia. Nyama hakugusa. Na akirudi Aroi anakula mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu yuleyule wa senta, anafyonza mifupa. Mkwe anakula kwake, yeye hali kwa mkwe. Hapo nilimchoka. Nilimwambia hata mume wangu kwamba mzee huyu na maandiko yake anamtesa mtoto bure.

Mume wangu ndiye hakustahili kuambiwa. Wakati huo alikuwa ameanza kwenda kwenye mikutano ya maombi mjini, akarudi na msimamo kwamba nyama iliyochinjwa na Mwislamu ni ya ibada nyingine, basi. Kwenye sherehe akawa anakaa pembeni na sahani ya mboga za majani. Ni mtu mwema, hanipigi, halewi, lakini akishika jambo huwezi kumbandua. Katekista alikuja kumwelimisha. Walikaa uani kwetu, mimi nikawa nachambua kunde karibu yao kwa makusudi.

"Paulo anasema kula, usiulize," katekista akaanza.

"Wewe kwa mtoto yako hapana kula," mume wangu akamkata. "Hapa unakula. Mwalimu, unataka sisi tufuate ipi?"

Nilisubiri amwambie ndiye mwenye haraka. Haikuja. Katekista alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akasema anakwenda kuangalia mbuzi zake. Nilimwonea huruma, na sikuwa nimetegemea kumwonea huruma.

Ilipokaribia Idd ya kuchinja, Ayikoru alinijia sokoni Koboko. Alinisaidia kukunja vitenge huku akiongea, bila kuniangalia.

"Mwambie baba akuje siku ya Idd. Na nyama itakuwa ya Idd, mimi sifichi. Kama hatakula, asikuje tena kwangu. Nimechoka kupikia baba yangu chai tu. Watoto wameanza kuuliza kama chakula yangu iko mbaya."

Nilifikisha ujumbe kama ulivyo. Katekista alikuwa anapiga viatu brashi. "Amesema hivyo?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Akaendelea na kiatu kilekile muda mrefu, kilikuwa kimeshang'aa. Mke wake alikuwa ameshafariki, watoto wengine wako mbali na hawapigi simu. Alijua anachoambiwa.

Siku ya Idd tulienda. Kawaida kwenye nyumba ile wanaume hula peke yao, lakini siku hiyo Ayikoru alinivuta tukaketi nao kwenye mkeka, mkono wake karibu na sinia, na hakuna aliyetuondoa. Mkwe alikuwa amefikiri jambo lake. Ni mtu wa sauti ndogo.

"Mzee, kabla tunanawa," akasema. "Nje iko mbuzi ingine, nimenunua juu yako. Chagua mutu yako, Mkristo, achinje na sala yenu. Utakula hiyo. Sisi hatuoni vibaya."

Niliona ni wazo zuri sana. Nilitaka katekista akubali tule.

"Na mtoto yangu," katekista akauliza, "atakula hiyo?"

Mkwe alimtazama mke wake. Ayikoru akatikisa kichwa.

"Yeye hataweza," mkwe akasema. Akafikiri, akaongeza, "Lakini Kitabu yetu pia iko na mbili, mzee. Moja inasema chakula ya watu wa Kitabu iko halali kwetu. Ingine inasema usikule kitu ambayo hawakutaja jina ya Mungu juu yake. Hata masheikh wanabishana."

"Mbili?" katekista akavaa miwani.

"Mbili."

"Zote ya Mungu?"

"Zote ya Mungu."

Alifurahi waziwazi. Akamfanya mkwe ayarudie, akataka kujua yako sura zipi na yanafuatanaje, wakainamiana kama wako stendi kwenye ludo. Wangeendelea mpaka Idd nyingine.

"Baba," Ayikoru akasema. "Chakula inapoa."

Katekista alikaa wima. Alimtazama binti yake, na uso wake ukabadilika.

"Paulo anasema mutu akikuambia nyama hii ni ya ibada, usikule, juu ya dhamiri," akasema taratibu. "Halafu anasema, dhamiri hiyo hapana yako. Ni ya ule mutu amekuambia. Nimewasomea hii mara mingi, mimi mwenyewe sikusikia. Ni wewe uliniambia, Ayikoru. Mimi nilikimbia na dhamiri yangu, yako sikuuliza." Akavua miwani. "Dhamiri yako inasema nini?"

"Inasema ukule, baba."

Alinawa akala. Ayikoru alikuwa amemwekea shingo upande wake, akaanza na hiyo. Mkwe akamwongezea, akala, akamwongezea tena. Ayikoru alinyanyuka akaenda jikoni, nikamfuata, nikamkuta anapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa, machozi yanamdondoka humo ndani. Nilivipanguza kimoja kimoja. Na mimi nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha.

Nilidhani hadithi imekwisha hapo, na kwamba sasa mzee atakula nyama kila mahali kwa amani. Nilikosea tena. Miezi baadaye mwanangu Candia alipata kipaimara, nikafanya sherehe nyumbani kwangu Aroi. Mzee wa senta alichinja mbuzi, kwa sababu kati ya wageni wangu walikuwamo Waislamu. Mume wangu hakukataza. Alichukua tu sahani yake ya enya, ule ugali wetu wa muhogo, na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, akaenda kukaa chini ya ukuta wa jiko.

Nilimpakulia katekista mwenyewe. Alikuwa amezeeka kwa ghafla, mashavu yameingia. Nilimchagulia shingo. Nikamwona anaitoa kwenye sahani yake, anaiweka kwenye sahani ya kijana wa pembeni, kisha anavuta kiti chake polepole mpaka pale kwenye ukuta wa jiko, na kuanza kula majani. Nikakumbuka kwamba hata Pasaka sikumwona akila nyama, wala kwenye msiba wa jirani. Nilimfuata na upawa bado mkononi.

"Mwalimu, kwa Ayikoru ulikula ya Idd yenyewe. Hii yangu imekosa nini?"

"Hii yako haina kosa. Nasikia harufu yake, iko nzuri sana."

"Basi kula."

Alimwonyesha mume wangu kwa kidevu. Mume wangu alikuwa ameinuka kuwanawisha watoto, mgongo kwetu.

"Kule nikikataa, mtoto yangu anaumia," katekista akasema. "Hapa nikikula, bwana yako anaumia. Aliniuliza afuate ipi, nikakosa jibu. Sasa nafuata zote mbili."

"Mpaka lini?"

"Mpaka yeye akule."

"Huyu?" nikamwambia. "Huyu hatakula. Unamjua."

"Namjua. Mimi ndiyo nilimfundisha."

Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira haikuja. Nilisimama pale na upawa, namtazama anakusanya majani ya mwisho kwa tonge, mtu aliyekuwa hamwachii mtu shingo. Mume wangu alirudi, akashangaa kidogo kukuta kiti kingine karibu na chake, akakaa. Katekista alimsogezea maji ya kunawa. Kisha akaniashiria niiname, akaangalia kama mume wangu anasikia, na akashusha sauti.

"Mama Candia, unaenda Koboko siku gani?"

"Alhamisi."

"Unipitie," akasema. "Niko na hamu ya nyama."